Fimbo na Rili za Kuvulia Besi: Jinsi ya Kuzichagua, Kuziunda na Kuzitunza

Juu kidogo ya mpini wa karibu kila fimbo ya kuvulia besi pameandikwa mstari mmoja mdogo ambao wanunuzi wengi huupita bila kuusoma. Mstari huo hutaja urefu wa fimbo kwa futi, nguvu yake kwa herufi moja au mbili, namna inavyopinda, uzito wa mshipi inaoustahimili kwa ratili, na mwishoni kabisa uzito wa chambo kwa wakia. Mnunuzi mgeni huanza na jina la kampuni, kisha bei, kisha rangi. Mimi nashauri ausome mstari huo kuanzia mwisho, kwa sababu uzito wa chambo ndio unaoamua mengine yote yaliyotangulia, pamoja na rili, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi, itakayofungwa kwenye mpini. Vurugu nyingi zinazowapata wanaoanza uvuvi huu, kuanzia mshipi unaosokotana hadi fimbo inayokatika ikiwa bado mpya, hutokana na kununua vifaa hivi kimoja kimoja kana kwamba havijuani.

Besi anayezungumziwa hapa ni yule wa mdomo mkubwa, aliyejulikana kwa miaka mingi kwa jina la kisayansi la Micropterus salmoides, samaki wa maji baridi ambaye asili yake ni mashariki mwa Amerika Kaskazini. Huku kwetu anajulikana zaidi katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya burudani ya walowezi, na bado yumo, ingawa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 karpi ndiye aliyejaa katika nyavu za wavuvi. Ni samaki wa kuvizia. Hujibanza kando ya gogo, chini ya majani yanayoelea au kwenye ukingo wa mafunjo, na huchomoka ghafla windo linapopita karibu. Miongoni mwa mawindo yake huko Naivasha ni kamba mwekundu wa Louisiana, ambaye asili yake pia ni Marekani na aliyeingizwa ziwani mwaka 1970.

Rekodi ya dunia ya besi huyu ni ratili 22 na wakia 4, yaani takriban kilo 10.1. Iliwekwa na George Perry katika jimbo la Georgia tarehe 2 Juni 1932, na ikafikiwa mwaka 2009 na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani. Wengi wanaonaswa, hata hivyo, hawavuki kilo mbili, na hapo ndipo mgeni huuliza kwa nini fimbo za kumvulia samaki wa kilo mbili zinaweza kuwa nene kuliko zile wanazovulia watu changu na kolekole. Jibu ni kwamba fimbo hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya uzito wa samaki. Zimetengenezwa kwa ajili ya mahali anapojificha. Besi wa kilo moja na nusu aliyenasa ndoana katikati ya mafunjo anahitaji sekunde mbili tu kuuzungusha mshipi kwenye mashina matatu, na ukishazungushwa amekwenda. Kwa hiyo mvuvi anahitaji kumng'oa pale kwa nguvu kabla hajageuza kichwa, na nguvu hiyo lazima itoke katika ufito, yaani mwili wenyewe wa fimbo.

Turudi kwenye uzito wa chambo. Fimbo inapotumika kutupa hufanya kazi ya springi: mvuvi anapoirudisha nyuma kisha kuipeleka mbele, uzito wa chambo kilichoning'inia nchani ndio unaoipinda, na inapojinyoosha ndipo inapokirusha. Chambo cha gramu 5 kwenye fimbo iliyokusudiwa gramu 28 hakiipindi hata kidogo. Mkono ndio unaobaki na kazi yote, chambo huangukia karibu, na mvuvi hulaumu rili. Kinyume chake, chambo cha gramu 50 kwenye fimbo ya gramu 10 huupinda ufito kupita uwezo wake, na siku moja utakatika hewani kabla hata samaki hajahusika. Wakia moja ni gramu 28 na kidogo, hivyo fimbo iliyoandikwa robo wakia hadi wakia moja inabeba kati ya gramu 7 na 28, na humo ndimo vimo vyambo bandia vingi vya besi. Ni vyema kukumbuka kwamba namba hizo za kando hutiwa chumvi kidogo, na kwamba fimbo huwa katika hali yake bora pale katikati.

Herufi zinazotaja nguvu huanzia nyepesi kabisa, hupitia ya kati, ya kati-nzito iliyoandikwa MH, na huishia nzito na nzito zaidi. Hakuna chombo chochote kinachozilazimisha kampuni kutumia kipimo kimoja, na ndiyo maana ya kati-nzito ya kampuni moja inaweza kuwa ya kati tu kwa kampuni nyingine. Nguvu husema inahitajika jitihada kiasi gani ili fimbo ipinde. Mpindo husema inapindia wapi. Fimbo ya mpindo wa haraka hupinda katika theluthi yake ya juu tu, na sehemu iliyobaki husimama imara. Ya mpindo wa wastani hupinda hadi karibu nusu. Ya polepole hupinda hadi kwenye mpini. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakidhani kwamba fimbo laini nchani ni dhaifu, ilhali inaweza kuwa nzito kabisa kwa chini.

Mpindo huchaguliwa kwa kuangalia ndoana. Chambo chenye ndoana moja nene, kama vile mnyoo wa plastiki au kichwa cha risasi kilichofungwa manyoya ya mpira, kinahitaji mpindo wa haraka, kwa sababu ndoana hiyo lazima ipenye ufupa wa mdomo kwa mvuto mmoja mfupi. Chambo cha umbo la samaki kinachopiga mbizi, chenye ndoana za pembe tatu mbili au zaidi, hutaka kinyume chake. Ndoana zake ni nyembamba na hujinasa zenyewe samaki anapogeuka, lakini fimbo ngumu huzichomoa samaki anaporuka na kutikisa kichwa, kwa kuwa hakuna kitu kinachomeza ule mtikiso. Mvuvi anayepoteza samaki wengi karibu na mashua akiwa na vyambo vya aina hii mara nyingi hana haja ya ndoana kali zaidi. Ana haja ya fimbo laini zaidi.

Urefu una historia yake. Katika miaka ya 1970 mvuvi wa California aitwaye Dee Thomas alikuwa akitumia fimbo ndefu kuliko za wenzake, si kwa ajili ya kutupa mbali bali kwa ajili ya kutupa karibu: aliachia mshipi mfupi, akakibembeza chambo kama pendulamu na kukidondosha bila kishindo ndani ya kichaka cha maji mita chache tu kutoka alipo. Mwaka 1975 alishinda shindano la Bull Shoals huko Arkansas kwa mbinu hiyo, na baada ya muda chama cha wavuvi wa besi cha B.A.S.S., kilichoasisiwa na Ray Scott, kikaweka kikomo cha futi 8 kwa fimbo za mashindano. Mbinu hiyo inafaa sana popote ukingo wa ziwa ulipojaa mafunjo, magugu maji na matete, na kwa hiyo mtu anayevua Naivasha ana sababu nzuri ya kutaka fimbo ya futi saba na nusu kuliko ya sita. Kwa kazi ya jumla, fimbo ya futi 7, ambazo ni mita 2.13, ya kati-nzito na ya mpindo wa haraka, ndiyo ningempa mtu kama fimbo yake ya kwanza, na anaweza kuvua nayo miaka kadhaa kabla hajahitaji ya pili. Muuzaji hatamwambia hivyo.

Kuhusu malighafi, fimbo za zamani zilikuwa za mianzi au chuma. Faiba iliingia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kaboni ikafuata katika miaka ya 1970. Siku hizi matangazo hujivunia tani: kaboni ya tani 24, ya tani 30, ya tani 40. Namba hiyo hupima ugumu wa nyuzi za kaboni zenyewe. Nyuzi zikiwa ngumu zaidi, mtengenezaji anahitaji chache zaidi ili kupata nguvu ileile, na fimbo huwa nyepesi na hupokea hata mguso mdogo wa samaki. Lakini kuta zake huwa nyembamba, na risasi ya chambo ikiigonga ufa usioonekana hubaki humo ukisubiri siku ya samaki mkubwa. Faiba ni nzito na haina hisia kali, lakini huvumilia kugongwa, na kwa ajili ya vyambo vya ndoana za pembe tatu bado wapo wanaoipenda kwa sababu ya ulaini wake. Tani nyingi, kwa hiyo, hazimaanishi ubora kwa kila mtu. Kwa anayesafirisha fimbo zake nyuma ya pikapu katika barabara ya mashimo, ni hasara.

Upande wa rili, jambo moja hunifurahisha kila ninaposoma historia yake, nalo ni jinsi mafundi saa wanavyojitokeza tena na tena. George Snyder wa mji wa Paris, Kentucky, aliyetengeneza rili za gia za kuzidisha mzunguko mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa fundi wa saa na wa fedha. Kampuni ya Abu ya Svängsta, Sweden, iliyotoa rili nyekundu ya Ambassadeur katika miaka ya 1950, ilitokana na kiwanda cha saa. R. D. Hull, aliyebuni rili ya ngoma iliyofunikwa inayouzwa kwa jina la Zebco, alikuwa akitengeneza saa huko Texas. Ukiifungua rili utaelewa mara moja kwa nini: ni gia ndogo, ekseli nyembamba na beringi zinazotakiwa kuzunguka kwa kasi kubwa bila mtetemo wowote.

Kwa besi, aina mbili ndizo muhimu. Ya kwanza ni ile ya ngoma tuli, inayoning'inia chini ya fimbo. Ngoma yake haizunguki chambo kinaporuka. Mshipi hujifumua tu kupitia ukingo wake. Alfred Holden Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo vya Bradford, Uingereza, alipata hataza ya rili ya namna hiyo mwaka 1905, na inasemekana wazo alilitoa kwenye pirini za kiwandani, yaani vijiti vya kukunjia uzi. Kwa kuwa hakuna kitu kizito cha kuanzishwa mwendo, rili hii hutupa vizuri hata chambo cha gramu 3, na mtu anaweza kujifunza kuitumia kwa asubuhi moja. Udhaifu wake ni kwamba mshipi husokoteka kidogo kila unaporudi, na husokoteka zaidi kwa mtu anayeufunga waya wa kushikia mshipi kwa kuzungusha mkono wa rili badala ya kuufunga kwa kidole.

Ya pili ni ya ngoma inayozunguka, ambayo hukaa juu ya fimbo. Hii ndiyo rili hasa ya besi kwa vyambo vya kuanzia gramu 7 hivi kwenda juu, kwa kuwa ina nguvu zaidi ya kuvuta, humwezesha mvuvi kukiweka chambo mahali anapotaka kwa kuibana ngoma kwa gumba, na hubeba mshipi mnene bila taabu. Pia ndiyo inayowatoa watu machozi. Chambo kinapoachiwa, ngoma hupata kasi yake yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kisha hewa huanza kukipunguza mwendo chambo, lakini ngoma haina habari. Inaendelea kumwaga mshipi kwa kasi ileile ya mwanzo. Mshipi uliozidi hauna pa kwenda. Hufura juu ya ngoma, hufanya vitanzi, vitanzi hujipenyeza chini ya mizunguko mingine, na kila kitu husimama kwa mkupuo mmoja, wakati mwingine chambo kikikatika na kwenda zake.

Breki za rili zipo kwa ajili ya nusu sekunde hiyo. Breki ya sumaku hufanya kazi bila kugusa: ngoma ya alumini inapozunguka karibu na sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya metali yenyewe na kuupinga mzunguko, na upinzani huo huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Breki nyingine hutumia vipande vidogo vya plastiki vinavyosukumwa nje na mzunguko hadi visugue pete iliyo kando. Hiyo huuma sana mwanzoni mwa mtupo na kulegea haraka mwendo unapopungua. Zipo rili zenye zote mbili. Vyovyote iwavyo, mpangilio huanza na kile kifundo kidogo kilicho upande wa mkono wa rili: kikazwe hadi chambo, kikiachiwa kutoka nchani mwa fimbo, kishuke taratibu, na ngoma isimame mara chambo kigusapo ardhi. Baada ya hapo breki iwekwe juu, karibu na mwisho, na ipunguzwe siku baada ya siku gumba linapopata akili. Mshipi ukisokotana, kabla ya kuanza kuuvuta kwa hasira, bana ngoma kwa nguvu kwa gumba, zungusha mkono wa rili mara mbili tatu, kisha uvute polepole. Mara nyingi vitanzi hulala na kufunguka.

Uwiano wa gia ni namba nyingine inayotangazwa sana na kueleweka kidogo. Rili ya 7.1 kwa 1 huzungusha ngoma mara 7.1 kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Ikiwa ngoma iliyojaa mshipi ina kipenyo cha milimita 34, mzingo wake ni karibu milimita 107, na kwa hiyo mzunguko mmoja huleta sentimita 76 hivi za mshipi. Rili ya 5.1 kwa 1 yenye ngoma hiyohiyo huleta sentimita 54 au 55. Tofauti hiyo ndiyo inayohesabika, si namba yenyewe, maana ngoma ndogo yenye uwiano mkubwa inaweza kuleta mshipi uleule unaoletwa na ngoma kubwa yenye uwiano mdogo. Gia ya kasi hufaa pale ambapo fimbo ndiyo inayokichezesha chambo na rili inakusanya tu mshipi uliolegea. Gia ya polepole hufaa kwa vyambo vinavyopiga mbizi kwa kina na kuvuta kwa uzito, ambavyo mvuvi mwenye rili ya kasi huchoka navyo kabla ya saa sita mchana. Na idadi ya beringi? Beringi nne nzuri ni bora kuliko kumi na mbili mbaya, na sioni haja ya kuliongeza jambo hilo maneno.

Dragi, ile klachi inayoachia mshipi samaki anapovuta kupita kiasi, kwa kawaida huwekwa katika robo hadi theluthi moja ya uzito ambao mshipi hukatikia. Kwa mshipi wa ratili 15, ambazo ni kilo 6.8, hiyo ni takriban kilo 2, na hupimwa kwa mizani ndogo ya ndoana huku mshipi ukipita katika pete zote zilizopangwa kwenye fimbo, kwa sababu msuguano wa pete huongeza mvuto. Ndani ya mafunjo kanuni hiyo huwekwa kando: mshipi huwa mnene na dragi hukazwa hadi mwisho.

Mshipi wenyewe ni wa namna tatu. Nailoni hunyumbuka, huelea zaidi na ni rahisi. Florokaboni huzama na haionekani sana majini, kwa kuwa mwanga hupinda ndani yake karibu sawa na unavyopinda ndani ya maji. Mshipi wa kusukwa kwa nyuzi za polithini haunyumbuki karibu kabisa, ni mwembamba kwa nguvu zake na hukata majani laini ya majini. Lakini huteleza juu ya ngoma, hivyo hutanguliziwa mizunguko michache ya nailoni chini yake. Anayetumia mshipi huu usionyumbuka na fimbo ngumu pamoja na dragi iliyokazwa ajue kwamba ameondoa kila kitu kilichokuwa kikimeza mshtuko, na kwamba kitakachoachia ni ama mdomo wa samaki au ufito.

Sasa kuunda. Watu huanza kuunda fimbo zao wakidhani wataokoa fedha, na wengi hawaokoi, kwa sababu ufito mtupu mzuri, pete, kiti cha rili, gundi na gharama ya kuvisafirisha kutoka ng'ambo hukaribia bei ya fimbo iliyokwisha tengenezwa. Sababu ya kweli ni nyingine: fimbo hutoka na mpini unaolingana na mkono wa mwenyewe, na pete zikawa mahali ufito huo unapozihitaji badala ya mahali kiwanda kilipozipanga kwa maelfu ya fito zinazofanana.

Kazi huanza kwa kuutafuta uti wa ufito. Kaboni hukunjwa kama karatasi kwenye kipande cha chuma, na pale safu zinapopandana upande mmoja huwa mgumu kidogo kuliko mwingine. Ukisimamisha kitako sakafuni, ukashika ncha na kuukandamiza katikati kwa kiganja, ufito hujigeuza wenyewe hadi upande uliolainika zaidi. Wapo mafundi wanaopanga pete kwa kufuata uti huo bila kuukosa, na wapo wanaosema kunyooka kwa ufito ni muhimu zaidi. Mimi naegemea hao wa pili, maana fimbo iliyopinda kidogo upande huonekana kila siku, ilhali athari ya uti haionekani kwa mvuvi wa kawaida.

Mpini wa gamba la koki au wa povu gumu hutobolewa na kupanuliwa kwa tupa ya mviringo hadi ukae bila kubana wala kucheza. Kiti cha rili huwa na tundu kubwa kuliko ufito, kwa hiyo nafasi hiyo hujazwa kwa pete za utepe wa karatasi, zikiachiwa mapengo ili epoksi ipite na kushika ufito moja kwa moja. Fundi akijaza nafasi yote kwa utepe, rili itaanza kutikisika baada ya msimu mmoja.

Pete hushikizwa kwanza kwa vipande vya mpira ili ziweze kusogezwa. Fimbo ya futi 7 ya rili ya juu huwa na nane hadi kumi pamoja na ile ya nchani, zikikaribiana kadiri zinavyoelekea juu. Kisha mshipi hupitishwa, hufungwa kwenye kitu kisichosogea, na fimbo hupindwa kama vile samaki yuko upande wa pili. Hapo ndipo majedwali ya vipimo huwekwa pembeni na macho kufanya kazi: mshipi unapaswa kuufuata mpindo wa ufito bila kuugusa katikati ya pete mbili na bila kufanya kona kali popote. Panapoonekana kona, pete husogezwa au huongezwa.

Kufunga uzi ni kazi ya subira. Miguu ya pete hunolewa kwa tupa hadi ncha zake ziwe nyembamba, ili uzi uupande mguu bila kuruka. Uzi huanzia juu ya ufito wenyewe: huvuka juu ya mkia wake mara kadhaa hadi ujishike, mkia hukatwa, kisha mizunguko huendelea, kila mmoja ukilala ubavuni mwa mwenzake bila mwanya. Inapobaki mizunguko minane hivi, kitanzi cha uzi mwingine hulazwa juu na kufunikwa na mizunguko hiyo. Uzi mkuu hukatwa, ncha yake hupitishwa ndani ya kitanzi, na kitanzi kikivutwa huiburuta ncha hiyo chini ya mizunguko na kuizika humo. Ukitazama kwa makini huoni ulipoishia.

Juu ya uzi hupakwa epoksi ya sehemu mbili, na kosa kubwa hapa ni kipimo. Sehemu hizo hupimwa sawasawa kwa bomba la sindano, si kwa macho, kwa maana epoksi iliyokosewa kipimo haikauki hata ikisubiri mwezi. Fimbo huzungushwa polepole kwa mota ndogo kwa saa kadhaa ili epoksi isishuke upande mmoja, na joto la mwali mdogo likipitishwa mbali kidogo huyatoa mapovu. Ncha haifungwi kwa epoksi. Hutumia gundi ya kuyeyushwa kwa joto, ili siku pete ya nchani itakapovunjika iweze kutolewa kwa kibiriti na kubadilishwa ziwani.

Utunzaji ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, lakini una makatazo yake. Rili iliyotumika ziwani huoshwa kwa maji yanayotiririka taratibu, dragi ikiwa imekazwa ili maji yasiingie kwenye vibao vyake, kisha hufutwa, hukaushwa kivulini na dragi kulegezwa kabisa. Bomba la maji yenye nguvu huingiza mchanga ndani badala ya kuutoa. Aliyeipeleka rili hiyo baharini, hata kwa siku moja tu, aioshe jioni ileile. Grisi ni ya meno ya gia, na safu nyembamba inatosha. Oili nyepesi ni ya beringi za ngoma na ya ule msumari wenye mifereji unaopeleka mshipi kushoto na kulia, tone moja kila mahali. Anayetia grisi kwenye beringi za ngoma huua mtupo wake mwenyewe. Ipo pia beringi ya kuzuia mkono wa rili usirudi nyuma, ambayo hufanya kazi kwa kubana vijiti vidogo dhidi ya ekseli. Ikilowa mafuta mengi huteleza, na mvuvi hushtukia mkono wa rili ukimrudia vidoleni wakati wa kumpiga samaki ndoana. Kabla ya kuifungua rili kwa mara ya kwanza, piga picha kila hatua kwa simu na ufanyie kazi juu ya taulo nyeupe, kwa kuwa vibanio vyake vidogo hupaa na sakafuni havionekani.

Mshipi ukianza kukatika ovyo bila sababu, sababu ni pete. Ufa katika kauri ya pete huwa mwembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, lakini pamba ya masikio ikizungushwa ndani huacha nyuzi zake pale penye ufa. Ufa huo mara nyingi hutokana na mvuvi mwenyewe kutundika ndoana kwenye kauri badala ya kwenye kishikizo kilichowekwa karibu na mpini.

Fimbo zenyewe huvunjika kwenye mlango wa gari na kwenye feni ya dari kuliko kwa samaki. Zinazovunjwa na samaki huvunjwa mwishoni kabisa, samaki akiwa ubavuni mwa mashua, mvuvi anapoinua mikono juu na kumnyanyua kwa fimbo iliyosimama wima: mpindo wote hukimbilia kwenye ncha nyembamba, ambayo haikukusudiwa mzigo huo. Jawabu ni kushusha fimbo na kutumia wavu au mkono. Kaboni pia hupitisha umeme, kwa hiyo ngurumo ikisikika, au nyaya za umeme zikiwa juu ya ukingo, fimbo hulazwa chini.

Iliyokatika sentimita tano kutoka nchani hutengenezeka kwa dakika kumi: palipokatika hunyooshwa kwa msumeno wa meno madogo na msasa, na pete mpya ya nchani yenye tundu kubwa kidogo hugundishwa. Itavua, lakini itakuwa na ncha ngumu zaidi na nguvu kubwa kidogo kuliko ilivyoandikwa, na vyambo vyepesi ilivyokuwa ikivirusha zamani haitavirusha vizuri tena. Ipewe vyambo vizito vya ndoana moja. Iliyokatika katikati huweza kuungwa kwa kipande cha ufito mwingine kilichochongwa na kuingizwa ndani, kisha kufungwa uzi na epoksi kwa nje, ila pale palipoungwa patakuwa pagumu na mpindo utavunjika mara mbili badala ya kuwa mmoja. Kwa fimbo ya bei ya kawaida, muda huo ni afadhali utumike kuzing'oa pete zake na kuzihamishia kwenye ufito mpya.